Kumushika Paka Mwenye Kukataa

Wakubwa wetu wa Kambove walifuga paka juu ya panya, si juu ya kumubembeleza. Paka alilinda unga wa bukari na ndakala, na kwa malipo aliachiwa uhuru wake: anaingia akitaka, anatoka akitaka, mutu hamugusi. Yale njo yalikuwa mapatano. Swali linakuja siku paka anagonjwa. Mnyama ambaye mikono ya mutu haijamushika hata siku moja, leo tunataka kumufungua kinywa na kumuchoma shindano. Tuko na haki gani?

Mimi nilijibu vibaya. Paka wetu alikuwa na kidonda shingoni, kinaoza, kinanuka. Nilimufukuza mupaka mu kona, nikamutupia gunia, nikalifunga na kamba. Aliniuma kidole mupaka mufupa, akatoroka. Majirani wakasema: "Unaona? Ule ni paka wa bulozi." Batu wanapenda kusema vile, na ni uvivu wa akili. Paka mwenye kuuma ni paka mwenye kuogopa. Gunia lingekuwa juu yangu, hata mimi ningeuma. Nilinawa kidole na sabuni dakika 15, nikaenda kutafuta chanjo, kwa kuwa kichaa cha mbwa kinapita hata kwa paka, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona.

Kuna wanaosema: mutoto naye anakataa shindano, na tunamushika. Ni kweli. Lakini mutoto tunamwambia "itapita", na akikua ataelewa. Paka haelezwi kitu. Kwake yeye hakuna dawa, kuko kushikwa tu. Mi naona kwa sababu ile deni letu kwake ni kubwa zaidi: nguvu yote tunayotumia anaibeba bila kujua inatoka wapi.

Wengine, kwa kuogopa makucha, wanaficha kipande cha paracetamol ndani ya samaki. Musifanye vile! Kwa paka ni sumu; kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

Nkambo mumoja wa jirani njo alinifundisha. "Mwana, weka kitunga chini, wazi. Tia ndani nguo yako ya zamani na ndakala kidogo. Halafu usimuangalie." Siku ya nne paka alilala mule. Tulifunika, tukaenda kwa munganga wa nyama ku Likasi. Yeye hakumutoa. Alimufunika kichwa na kitambaa, akaosha kidonda mule mule ndani ya kitunga, na mara mbili aliacha kazi alipoona masikio yamelala nyuma. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya waganga wa paka, AAFP na ISFM, vilitoa mwongozo wenye njia ileile: paka asikamatwe kwa ngozi ya shingo, na akiogopa sana, afadhali dawa ya kumutuliza kuliko nguvu ya mikono.

Nilimwambia nkambo kwamba kitunga chake nacho kilikuwa mutego. Akacheka. "Ndiyo, baba. Lakini aliingia na miguu yake."

Sijui kama jibu lile linatosha. Kidonda kilipona. Paka bado ananipita mbali, hanikubalii hata kumugusa mukia. Kitunga sijakiondoa, na usiku wa baridi ya mwezi wa sita analala mule.