Usemi, Tendo na Sikio la Shabiki: Suala la Ukweli katika Muziki wa Chini kwa Chini

Swali la iwapo msanii anawajibika kuyaishi anayoyasema ni kongwe katika falsafa ya sanaa. Plato alipotaka washairi waondolewe katika jamhuri yake, mojawapo ya malalamiko yake ilikuwa kwamba mshairi huiga mambo asiyoyajua wala kuyatenda. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili swali hili limezoea kujitokeza kwa sura ya upole: je, malenga anayewausia wenzake subira, yeye mwenyewe anayo? Makala haya yanalichukua swali hilo na kulipeleka mahali ambapo wahakiki wa fasihi hawana mazoea ya kupita, yaani kwa mashabiki wa muziki wa hevi metali, hususan wa yale makundi yaitwayo ya chini kwa chini. Upekee wa muziki wenyewe si hoja hapa. Kinachovuta ni kwamba huko swali lilijibiwa kwa vitendo, na jibu likagharimu maisha ya watu.

Yafaa kuanza na itikadi ya shabiki mwenyewe, kwani anayo, tena imekamilika kuliko inavyodhaniwa na wale wanaosikia kelele tu. Kwa shabiki wa chini kwa chini, muziki wenye thamani ni ule ambao haukutengenezwa ili upendwe na wengi. Itikadi hii ilizaliwa katika mazingira mahususi. Katika miaka ya 1980 makundi mengi ya metali hayakuwa na kampuni za kuyarekodi wala redio za kuyapiga. Yalirekodi kanda za majaribio, na kanda hizo zikanakiliwa na mashabiki nyumbani na kutumwa kwa posta kutoka Marekani hadi Ulaya na Amerika ya Kusini, zikiandamana na barua na vijarida vilivyopigwa fotokopi. Kila nakala ilizaa nakala nyingine, na kila uzazi uliongeza mvumo na kupunguza sauti. Msomaji anayezifahamu hati za tendi zilizonakiliwa kwa mkono na kwa herufi za Kiarabu huko Lamu, Pate na Mombasa hatashangazwa na hali hii. Mnakili wa utendi naye alikuwa msomaji kwanza. Alinakili kwa sababu alipenda, na makosa ya kalamu yake yakawa sehemu ya historia ya kazi. Tofauti iko katika maana iliyotolewa kwa makosa hayo. Mnakili wa utendi, aghalabu, aliomba radhi kwa upungufu wake. Shabiki wa metali aliufanya upungufu kuwa alama ya uaminifu.

Ndiyo maana kundi la Darkthrone la Norwei, lililoanza kwa kupiga metali ya kifo yenye ufundi mwingi na kurekodiwa vizuri, liliposhusha kwa makusudi ubora wa sauti katika albamu ya A Blaze in the Northern Sky ya mwaka 1992, mashabiki wa aina fulani walisikia hapo ukweli na si uzembe. Sauti iliyokwaruzika ilieleweka kama mtu asiyevaa mapambo. Hoja hii ina udhaifu ulio wazi, maana mkwaruzo uliochaguliwa ni pambo kama lilivyo pambo jingine lolote, na asiyevaa kitu makusudi ili aonekane havai amekwisha kuvaa. Lakini haifai kuidharau. Shabiki anajaribu kusema jambo ambalo wahakiki nao hulisema kwa maneno marefu zaidi: kwamba fani haitengani na maudhui, na kwamba wimbo juu ya uozo ukiimbwa kwa usafi wa studio ya matangazo ya sabuni unajipinga wenyewe.

Kuhusu dhana ya kujiuza, ambayo shabiki huitumia kama fimbo, kuna kisa kimoja kinachotosha. Kundi la Metallica, lililoundwa mwaka 1981, lilijulikana kwanza kupitia kanda ya majaribio ya mwaka 1982 iliyosambazwa na mikono ya mashabiki wanakili. Mwaka 1991 likatoa albamu iliyouzwa kwa mamilioni, na mashabiki wengi wa awali wakaliita msaliti. Mwaka 2000 kundi hilohilo lilifungua mashtaka dhidi ya Napster, mtandao uliowawezesha wasikilizaji kunakiliana muziki bila malipo. Aliyenyanyuliwa na nakala alikwenda mahakamani kuzizuia nakala. Hata hivyo, kejeli ya kisa hiki haithibitishi kwamba umaarufu huua sanaa. Inathibitisha tu kwamba umaarufu hubadili masilahi ya msanii, jambo ambalo kila mfuatiliaji wa waimbaji wa taarabu wa pwani amekwisha kuliona bila msaada wa metali.

Uzito wa suala uko kwenye nguzo nyingine ya itikadi ya shabiki, ile ya ulinganifu wa usemi na tendo. Mapema katika miaka ya 1990, kundi dogo la vijana wa Norwei lilikusanyika kuuzunguka muziki wanaouita metali nyeusi. Kitovu chao kilikuwa duka la muziki mjini Oslo lililoitwa Helvete, yaani Jahanamu, lililomilikiwa na Øystein Aarseth, mpiga gitaa wa kundi la Mayhem. Walijipaka nyuso rangi nyeupe na nyeusi mithili ya maiti, wakaimba juu ya shetani, kifo na chuki dhidi ya Ukristo. Hadi hapo palikuwa na mchezo wa kuigiza tu, na makundi ya kabla yao yalikuwa yamemtaja shetani kwa miaka mingi bila kumwamini. Vijana hawa ndipo walipoona kasoro. Wakubwa wao, walidai, walikuwa waongo, kwa kuwa walisema wasichokimaanisha. Mtu wa kweli ni yule anayemaanisha.

Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft karibu na Bergen, ambalo asili yake ni karne ya 12, liliteketezwa. Makanisa mengine yalifuata. Picha ya magofu ya Fantoft iliwekwa kwenye jalada la rekodi ya Burzum iitwayo Aske, yaani majivu, iliyotoka mwaka 1993, na nakala za mwanzo ziliuzwa pamoja na kiberiti cha gesi. Agosti 1992 mpiga ngoma wa kundi la Emperor alimuua kwa kisu mtu asiyemjua katika mji wa Lillehammer. Tarehe 10 Agosti 1993 Varg Vikernes, mwenye Burzum, alimuua Aarseth. Mwaka 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa kadhaa. Aliachiliwa mwaka 2009.

Ni rahisi kusema kwamba muziki uliwaharibu vijana hawa, na wako waliosema hivyo. Kauli hiyo haimfikishi mhakiki mbali, kwa sababu maelfu waliusikia muziki huohuo na wasiwashe hata mshumaa. Palipoharibika ni katika nadharia ya usomaji. Fasihi simulizi ya Kiswahili ina majigambo, na mwenye kujigamba hujiita simba bila mtu yeyote kumdai mkia. Jadi ya Fumo Liyongo imejaa kauli za namna hiyo, na hadhira yake ilijua kupima: ilifurahia ukubwa wa neno kama neno. Baina ya mtunzi na sauti inayosikika katika utungo kuna nafsineni, na nafasi hiyo ndogo ndiyo inayomruhusu mtunzi kusema hasira asiyoitenda, huzuni asiyokuwa nayo leo, na kifo ambacho hajakifa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi anaionyesha nafsi kaburi, magofu ya majumba ya Pate yaliyokaliwa na popo, na adhabu za motoni. Hakuna msomaji aliyewahi kuuthibitisha ukweli wa utenzi huo kwa kumtaka mshairi abomoe nyumba ya jirani. Anayedai kwamba nafasi hiyo ni uongo, na kwamba msanii wa kweli ni yule aliyeifuta, ameibomoa sanaa kabla hajafika kanisani na mafuta yake.

Hapa shabiki wa leo anayo hoja ya kujitetea, nayo hutolewa mara nyingi: kazi iachwe isimame peke yake. Muuaji ni muuaji, lakini gitaa ni gitaa. Kwa msomi wa fasihi, utetezi huu una mwangwi wa insha ya Roland Barthes ya mwaka 1967 juu ya kifo cha mwandishi, na si utetezi wa kijinga. Tatizo lake ni kwamba shabiki huutumia upande mmoja tu. Anapoueleza ubora wa rekodi hizi humfufua mwandishi: hawa walimaanisha, hawa hawakuwa waigizaji, sikiliza baridi iliyomo humo. Anapoulizwa juu ya damu humzika mwandishi huyohuyo na kudai kwamba maisha ya msanii hayahusiani na kazi. Haiwezekani kuila sifa ya tendo na kuitema lawama yake. Ama maisha ya mtunzi ni sehemu ya anachokisikia, na basi yote yasikiwe, ama si sehemu, na basi sifa ya ukweli iondolewe na rekodi hizi zipimwe kwa ala, sauti na mpangilio wake tu. Yamkini nyingi zitasimama. Baadhi zitapungua sana.

Mtihani mgumu zaidi umo katika albamu ya Mayhem, De Mysteriis Dom Sathanas, iliyotolewa mwaka 1994. Gitaa limepigwa na Aarseth. Gitaa la besi limepigwa na Vikernes. Aliyeuawa na muuaji wanapiga pamoja, kwa mapigo mamoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Familia ya marehemu iliomba sauti ya besi iondolewe, lakini iliachwa. Wako mashabiki wanaoliona hilo kuwa ndilo kilele cha kazi, jambo linaloipa uzito usiopatikana kwingine. Lakini uzito huo haukutungwa na mtu. Wanaopiga hawajui kitakachotokea. Msikilizaji ndiye anayejua, na anachokistarehea ni ujuzi wake mwenyewe wa kifo cha mwingine. Mzazi wa marehemu naye anajua, na kwake ujuzi huo si kiungo cha ladha. Mhakiki hana haki ya kumkataza shabiki asiisikilize albamu hii, ambayo kwa ufundi ni miongoni mwa kazi kuu za aina yake. Anayo haki ya kumuuliza anasikiliza nini.

Tena yupo mtu wa Lillehammer, ambaye hakuwa na kundi wala albamu. Emperor walirekodi In the Nightside Eclipse Julai 1993, karibu mwaka mmoja baada ya kifo chake na kabla muuaji hajakamatwa. Ngoma zinazosikika humo zilipigwa na mikono hiyohiyo. Mwaka 2014, baada ya mpiga ngoma kumaliza kifungo chake, alipanda tena jukwaani na wenzake kuadhimisha miaka 20 ya albamu hiyo, na umati ukashangilia. Aliyetumikia adhabu ana haki ya kurudi kazini, na makala haya hayamnyimi. Ila katika masimulizi ya mashabiki, marehemu huyu hutajwa kama tukio katika wasifu wa kundi, wakati Aarseth hutajwa kama mtu. Ukweli unaopimwa kwa ukali wa tendo humhitaji mtendewa, kisha hauna mahali pa kumweka.

Muziki huu umesafiri. Kundi la Duma la Nairobi, ambalo albamu yake ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, limechukua ukelele, kasi na giza la metali na kuvichanganya na mitambo ya kielektroniki, wala halikuhitaji kuazima kiberiti cha Bergen. Kwa msikilizaji wa Kenya picha ya kanisa linaloungua haiwezi kuwa pambo la jalada. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wengi wao wanawake na watoto. Waliolichoma hawakuwa wakisikiliza metali. Walikuwa wamesikia maneno mengine, ya kikabila na ya kisiasa, yaliyosemwa na watu ambao baadaye walidai kwamba yalikuwa maneno tu. Shabiki wa Nairobi anayeiweka Aske kwenye spika zake huenda akawa na masikio yaleyale ya shabiki wa Oslo au São Paulo, akaufurahia mvumo uleule na ukali uleule wa gitaa. Lakini akiligeuza jalada na kuyatazama yale magofu meusi, kuna jambo analolijua ambalo aliyeipiga picha hakulijua, au hakutaka kulijua: kwamba huenda mlikuwa na watu ndani.