Bustani ya Ahabu na mbuga ya utoto wangu

Somo: 1 Wafalme 21:1-16



Mwaka 1992, nikiwa na miaka tisa, kanisa letu la Bukavu lilitupakia watoto wa shule ya Jumapili katika lori, likatupeleka mbuga ya Kahuzi-Biega. Ni kama kilomita 30 tu, lakini kwetu watoto ilikuwa safari ya mwisho wa dunia. Tulipita mashamba ya chai, tukashuka Tshivanga, tukaingia kwenye mianzi tumeshikana mikono. Mbele yetu alitembea mzee mfupi mwenye panga. Alisoma majani yaliyovunjika kama sisi tulivyosoma herufi ubaoni. Ndiye aliyetuonyesha ngagi dume, mgongo wake mweupe, ameketi anakula bila haraka kama mwenye nyumba. Mpaka siku ile ngagi nilimjua kwenye noti ya zaire 50,000 peke yake.

Saa ya kula, yule mzee alikaa pembeni. Nilipomnyooshea kikombe changu cha maji, mkubwa mmoja alinishika mkono: “Huyo ni Mtwa.” Nikakirudisha.

Vita vya 1996 vilitufikisha Tanzania, kambi ya Nyarugusu. Nilipomwomba Mungu anirudishe nyumbani, sikuona nyumba yetu. Niliona mianzi ile. Miaka yote ya hema na foleni, huo msitu ndio uliokuwa kwetu.

Baadaye nilirudi Bukavu, nikasoma chuo cha Biblia, na mwaka 2015 nikawapeleka vijana wa kanisa Tshivanga. Njia niliyoikumbuka ndefu tuliimaliza kabla ya jasho kutoka. Vita vilikuwa vimepita pale pia: ngagi wa upande wa milimani walipungua karibu nusu, na tembo wa huko waliuawa karibu wote. Nikalia mbele ya vijana, sioni haya kusema. Aliyetuongoza safari hii alikuwa Mtwa wa rika langu. Akaniuliza:

“Pasta, unalia nini?”

“Ndugu yangu, hapa ni kama kwetu.”

Akanyamaza. Kisha akaelekeza panga bondeni. “Babu yangu amezikwa kule. Siwezi kwenda bila ruhusa.”

Nilikuwa na diploma ya theolojia, na sikuwa na neno la kumjibu.

Mbuga ile ilitangazwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Watwa elfu kadhaa wakatolewa humo bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: haki zao zilivunjwa. Sisemi wanyama wasilindwe. Ngagi ni kazi ya mikono ya Mungu, na askari wa mbuga nao wamekufa wakiwalinda. Nasema tu kwamba nilicheza miaka yote katika bustani na sikuuliza ilikuwa ya nani.

Sasa fungueni somo letu. Sisi wakimbizi tukisoma habari za Nabothi, mara moja tunajiona sisi ndio Nabothi. Na ni kweli! Wengi wetu tuliokimbia Bukavu Februari 2025 hatujui nani analala vitandani mwetu leo. Lakini angalieni mstari wa nne. Ahabu amelala kitandani, amegeuza uso, hataki kula. Ahabu naye alihuzunikia lile shamba! Huzuni yake ilikuwa huzuni kabisa, na shamba bado lilikuwa la Nabothi. Alilitaka liwe bustani ya mboga, na Biblia haisemi kama alivuna hata mchicha.

Tazameni pia wazee wa mji. Hawakulitamani shamba. Walipokea barua yenye muhuri wa mfalme wakafanya kama ilivyoandikwa, labda jioni wakaenda kula na watoto wao. Mimi siogopi sana kuwa Ahabu, maana sina ikulu. Naogopa kuwa mmoja wa wazee wale.

Kwa nini naandika haya? Katika kanisa letu hapa makazini kuna familia ya Watwa inayokaa benchi la mlangoni. Wamekimbia risasi zile zile, wamepanga foleni ya mahindi ile ile. Lakini mwezi uliopita, baada ya mazoezi ya kwaya, binti yao alikunywa maji kwa kikombe cha wote, na mtu akakisugua kwa majivu mbele yake. Sitamtaja. Anajijua, na nimeongea naye. Nami nilikuwa pale nikaangalia chini, miaka mingi baada ya kukirudisha kikombe changu kule Tshivanga.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ni Meza ya Bwana. Kikombe kitaanzia benchi la mlangoni. Mimi nitakunywa baada yao.