Kumheshimu Mama wa Mwokozi

Katika vijiji vya Walikale huenda mkatekumeni akaulizwa na jirani yake: Je, Wakatoliki humwabudu mwanamke? Swali hilo lisimtie haya. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Maria ni kiumbe. Kanisa humheshimu na kumsihi awaombee watoto wake kwa Mwanawe. Mgeni aingiaye nyumbani akamsalimu mwana, naye akampita mama kimya, je, amemheshimu mwana? La, amemwaibisha. Naye Yezu Kristu, alipokuwa karibu kukata roho msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi mpendwa, na mwanafunzi huyo akamkaribisha nyumbani kwake.

Hapa Kongo, Anuarite wa Wamba, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, alimkaribisha Maria vivyo hivyo. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, mkubwa mmoja wa waasi wa Simba alitaka kumchukua awe wake. Anuarite alikataa kwa ajili ya nadhiri yake, akauawa, akazikwa na wengine katika kaburi moja. Walipofukua baada ya miezi, alitambulikana kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa mfukoni mwake.

Waasi wale walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru. Sanamu ya Anuarite haikuzuia risasi, wala yeye hakuichukua kama hirizi. Ilikuwa ukumbusho wa Mama. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ya Maria kupalizwa mbinguni.