Kuridhia Kadari na Kutafuta Sababu ya Mtoto Kuzaliwa Maiti

Miongoni mwa misiba mizito iwapatayo wazazi ni mtoto kuzaliwa maiti baada ya mama kumbeba hadi karibu ya kutimiza miezi yake. Tabibu anapoomba ruhusa ya kuchunguza sababu, baadhi ya jamaa hukataa, wakasema kuwa Mwenyezi Mungu ameshapitisha, na kuuliza zaidi ni upungufu wa imani. Jee, kauli hii ni sawa?

Kauli hii inachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali. Kuridhia ni kwa lililokwisha pita. Ama kutafuta sababu ni kwa ajili ya lijalo, na wala hakuvunji ridhaa. Kwani Aliyekadiria mauti ndiye Aliyeziweka sababu zake, na ndiye Aliyeteremsha dawa. Umar bin Al-Khattab alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, akapata khabari ya tauni, aliwarejesha watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alibainisha kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kuiendea kadari Yake nyengine.

Na sababu nyingi zinajulikana. Kwa mwaka 2021 ilikadiriwa kuwa watoto milioni 1.9 duniani walizaliwa maiti baada ya kufika wiki 28 tumboni. Wako waliokufa wakati wa uchungu. Wengine sababu yao ni kisukari au shinikizo la damu la mama, kaswende, kondo la nyuma lisilomlisha mtoto vya kutosha, au damu ya mama kutoafikiana na ya mtoto. Kaswende hutibiwa kwa penisilini. Kutoafikiana kwa damu huzuiliwa kwa sindano inayotumika tangu mwisho wa miaka ya 1960. Na kisukari kikijulikana mapema hudhibitiwa. Anayekataa kujua huenda akamrudisha mama katika hatari ile ile.

Tena katika kutojua mna dhulma. Ndimi husema kuwa mama alinyanyua mzigo, au kwamba ana kisirani. Uchunguzi humtakasa na tuhuma asizostahiki.

Ama hurma ya maiti ni haki isiyopuuzwa. Basi na uanze uchunguzi usiomgusa mtoto: damu ya mama ipimwe, na kondo la nyuma litazamwe kwa hadubini kabla ya kuzikwa. Kisha mtoto aangaliwe kwa nje na kwa picha. Kupasua ni dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake: kusiwe ila kwa haja aliyoithibitisha tabibu muaminifu, kwa ruhusa ya wazazi, baada ya kuulizwa mwanachuoni, na viungo vyote virejeshwe, azikwe kamili bila ya kucheleweshwa pasina haja.

Na ikiwa baada ya yote hayo sababu haikuonekana, kama inavyotokea, wazazi watakuwa wametekeleza amana ya mama na ya watoto watakaokuja. Subira yao hapo ni ya aliyetimiza linalompasa, si ya aliyefumba macho.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.