Yai la Shakwe ni la Nani?

Katika visiwa vidogo vya mawe vilivyo mbele ya Kiunga, kaskazini ya Lamu, wakati wa kusi huja shakwe wadogo weupe, wenye utosi mweusi na mkia uliogawanyika kama wa mbayuwayu. Hutaga chini, baina ya mawe na majani, yai moja au mawili tu. Na wako wavuvi waliozoea kuyaokota mayai hayo wakayafanya kitoweo.

Je, pana kosa? Husemwa: yai ni halali, na lililo kisiwani halina mwenyewe. Hatubishi kuwa ni halali. Lakini twauliza: jambo lisilodhuru likifanywa na mmoja, halidhuru likifanywa na wote kila mwaka?

Kuku ukimchukulia yai leo, kesho hutaga jingine. Shakwe huyu si kuku. Hungoja miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, na huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo hasara haionekani upesi: wazee wangali wakiruka, watu wakadhani ndege ni wengi, kumbe nyuma yao hapana watoto. Na aokotaye mayai machache huwafukuza mama wote. Yanayobaki huchomwa na jua au huliwa na kunguru. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza.

Tena mvuvi ajua kwamba penye shakwe wengi wakijitupa majini, chini pana jodari wanaofukuza dagaa. Basi alaye yai amla kiongozi wake.

Serikali iliifanya bahari ya Kiunga kuwa hifadhi mwaka 1979, lakini askari hawezi kusimama juu ya kila jiwe. Hata hivyo, ulinzi wafaa. Katika kisiwa cha Rockabill, nchi ya Ireland, shakwe wa aina hii hii walikuwa jozi 150 hivi mwaka 1989 walipoanza kulindwa na kuwekewa visanduku vya kutagia. Katika miaka ya 2010 walipita jozi 1,500.

Nasi tuna agizo la zamani zaidi. Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) aliamrisha makinda yarudishwe kwa ndege aliyekuwa akihangaika juu yao. Basi yafaa wazee na manahodha wa kila kijiji wapatane visiwa hivyo viachwe miezi ya kutaga. Apitaye na mashua usiku, asipoonekana na askari, aonekana na Mola wake.