Kuinamisha Pua

Subira inaishia wapi, na ukaidi unaanzia wapi? Swali hili lilinijia ndani ya ndege ndogo, nikitoka Unguja kurudi Pemba. Chini niliona vilima vyetu, mikarafuu na mabonde membamba ya mpunga. Nikajiuliza: injini ikizimika hapa, rubani atatua wapi?

Baadaye nilisoma namna wanafunzi wa urubani wanavyofundishwa. Mwalimu hupunguza nguvu za injini ghafla, kisha humtaka mwanafunzi achague mahali pa kutua. Jambo la kwanza ni kuinamisha pua ya ndege ili mwendo usipotee. Nafsi humshawishi aiinue, maana ardhi inamjia. Lakini akiiinua, mwendo hupungua, mbawa hushindwa kuibeba ndege, nayo huanguka. Na injini ikizimika mara tu baada ya kuruka, huonywa asigeuke kurudi kiwanjani. Kugeuka hupoteza kimo, na wengi wamekufa wakiutafuta uwanja walioutoka.

Chanzo huweza kuwa kitu kidogo. Katika baridi ya Ulaya, ndege ya mafunzo huweza kuzimika kwa barafu iliyoganda ndani ya kabureta. Hata joto si kinga: penye unyevunyevu, barafu huweza kuganda humo ilhali nje ni nyuzi 20 za Selsiasi. Rubani haioni, huona nguvu zikipungua kidogo kidogo.

Ndivyo lilivyozimika duka langu la vitambaa, Wete. Mke wangu alikuwa na mikarafuu aliyorithi kwa babake. Aliniambia, "Baba Salma, lifunge duka, tulime." Nikamjibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Nikamshawishi mpaka akakubali tuiuze mikarafuu, nikanunua bidhaa mpya. Mwaka haukwisha, duka likafungwa. Nilikuwa nimegeuka kuutafuta uwanja nilioutoka.

Mnamo Januari 1954, mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe walikuwa ndani ya ndege ndogo iliyogonga waya karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Rubani, Roy Marsh, aliishusha kichakani. Ndege iliharibika, lakini wote watatu walitoka hai. Sidhani kuna mwenye akili atakayesema rubani yule alikosa subira.

Basi nimefikia jibu hili: kabla ya kujisifu kwa uvumilivu, mtu na atazame nani amepanda naye. Anayevumilia kwa mali yake na jasho lake, huyo ana subira. Anayevumilia kwa mali ya mwenzake, akiogopa tu kuonekana ameshindwa, huyo ni mkaidi, hata akiwa na methali mdomoni.

Msimu wa karafuu ukifika, mke wangu huenda kuchambua karafuu kwa ujira wa pishi, chini ya miti iliyokuwa yake. Hajanilaumu hata siku moja. Hiyo ndiyo subira, nami nimechelewa kuijua.