Nani Abaki Darasani?

Mtu akikichukua kitabu cha mwaka cha chuo kikuu chochote, akafungua kurasa za idara ya baiolojia au ya baiokemia, atakuta kila profesa ameandikiwa mambo mawili: masomo anayoyafundisha na mambo anayoyachungua. Huyu hufundisha elimu ya seli kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hamu yake ni jinsi uso wa yai unavyobadilika. Yule hufundisha kemia ya damu, na hamu yake ni protini za minyoo. Mambo hayo huandikwa sambamba, kama majina ya mume na mke katika cheti cha ndoa, na msomaji hudhani kuwa yanakaa nyumba moja kwa amani. Sisi tulio walimu twajua kuwa nyumba hiyo ina ugomvi wake. Saa ya kuchungua hukatwa katika saa ya kufundisha, na saa ya kufundisha hukatwa katika saa ya kuchungua. Akiba nyingine hakuna, ila ile ya usingizi.

Yafaa basi tujiulize: mwalimu wa chuo ana deni kwa nani kwanza? Kwa vijana walioketi mbele yake, au kwa elimu yenyewe, ambayo haina uso wala hainyoshi mkono kuuliza? Swali la namna hii likiachwa hewani hugeuka maneno matupu. Kwa hiyo tumeona bora kulijadili kwa kumwangalia mtu mmoja, ambaye kwake swali hili lilikuwa kali kuliko lilivyo kwa wengi wetu.

Ernest Everett Just alizaliwa Charleston, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, mwaka 1883. Alikuwa Mmarekani mweusi. Babake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, na mamake alikuwa mwalimu. Alisoma Chuo cha Dartmouth, akamaliza mwaka 1907 kwa heshima kubwa, na mwaka huohuo akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Na hapa wasomaji wa jarida letu watafurahi kusikia kwamba aliajiriwa kufundisha lugha. Mtu ambaye baadaye vitabu vya elimu ya viumbe vilimtaja kwa uchunguzi wake wa mayai ya wanyama wa bahari alianza kazi kwa kusahihisha insha za Kiingereza, na alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha michezo ya kuigiza chuoni. Miaka michache baadaye alihamishiwa baiolojia, na mwaka 1912 akawa mkuu wa idara ya zuolojia. Licha ya hayo alifundisha fiziolojia katika kitivo cha udaktari.

Kufundisha fiziolojia Howard wakati ule lilikuwa jambo zito. Mwaka 1910 ilitoka taarifa mashuhuri ya Abraham Flexner juu ya vyuo vya udaktari vya Marekani. Vyuo vya watu weusi vilikuwa saba. Taarifa hiyo ikaona viwili tu vinafaa kuendelea, Howard na Meharry, na baada ya miaka kadhaa vikabaki hivyo viwili kweli. Milango ya vyuo vya Weupe ilikuwa imefungwa au imeachwa wazi kwa ufa mwembamba. Kwa hiyo mwalimu wa Howard alipoingia darasani, alijua kwamba wale vijana ndio watakaowatibu mamilioni ya watu ambao hospitali nyingi zilikataa hata kuwalaza. Somo lililofundishwa ovyo lingelipwa na mgonjwa asiyekuwapo chumbani.

Just aliujua mzigo huo na aliubeba. Mwaka 1915 chama cha kutetea haki za watu weusi kilipoanza kutoa Nishani ya Spingarn, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kabisa kuipata, akiwa na miaka 31. Lakini tangu 1909 alikuwa akienda kila kiangazi Woods Hole, Massachusetts, penye kituo cha uchunguzi wa viumbe vya bahari, na huko alipatwa na yale yawapatayo watu wa aina yake: aliona kitu ambacho hakuweza tena kuacha kukitazama.

Kitu chenyewe kilikuwa yai. Tunaomba msomaji avumilie maelezo kidogo, maana bila kuyafahamu hatutaelewa mtu huyu aliuza nini na kununua nini. Wako wanyama wa bahari, jamaa za wale wenye miiba wanaowachoma wavuvi nyayo, ambao hutoa mayai yao na mbegu za kiume majini. Yai moja huzungukwa na mbegu nyingi mno, nayo moja tu ndiyo inayotakiwa kuingia. Zikiingia mbili, kiumbe huharibika. Ni nani basi anayefunga mlango? Wataalamu wengi wa wakati ule walilitazama yai kama mzigo usio na hiari, unaosubiri kuamshwa. Just aliangalia kwa hadubini, majira baada ya majira, akaona kwamba mara mbegu inapoligusa yai, badiliko huanzia pale ilipogusa na kusambaa kama wimbi mpaka upande wa pili, na nyuma ya wimbi hilo hakuna mbegu nyingine inayoweza kupenya. Hayo yote hutokea kabla utando haujainuka ukaonekana. Yai, kwa maneno mengine, hufanya kazi lenyewe, na kazi hiyo huanzia usoni pake. Mwaka 1976 Laurinda Jaffe alithibitisha kwa vipimo vya umeme kwamba mayai ya wanyama hao hujikinga kwa haraka ya ajabu. Wakati huo Just alikuwa amekufa miaka 35.

Wenzake walimwendea kuomba msaada, maana hakuna aliyejua kama yeye kuyatunza mayai. Alisisitiza vyombo viwe safi kabisa, maji yawe ya joto lililo sawa, wanyama wasisumbuliwe; alisema wengi walikuwa wakichungua mayai yaliyokwisha kuharibika na kuyaita maisha. Wataalamu wa kemia waliotaka kulieleza yai kwa kulivunja vipandevipande aliwapinga. Kwake, uhai haumo katika kemikali hii au ile. Umo katika mpango wa zote pamoja. Twaona hapo kwamba mwalimu wa insha hakufa ndani yake, kwani nani ajuaye zaidi ya mwalimu wa lugha kwamba sentensi si jumla ya maneno yake?

Mgagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini aliyegaagaa na upwa wa Woods Hole ilimpasa kurudi Washington kila vuli, penye madarasa yaliyojaa na maabara duni. Mwaka 1916 alikuwa amepata shahada ya udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Chicago. Mweupe mwenye shahada hiyo na makala kama zake angepata nafasi katika chuo kikuu chenye fedha na maabara. Kwa Just mlango huo haukufunguliwa hata siku moja. Kuanzia 1920 alipata fedha zilizotokana na Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, zilizompunguzia miezi ya kufundisha. Mwaka 1929 alikwenda Napoli, Italia; mwaka 1930 akaalikwa Berlin, katika taasisi mojawapo kuu za baiolojia za wakati huo. Ulaya alipokewa kama mtaalamu kati ya wataalamu. Tangu hapo mwili wake uliporudi Howard, moyo haukurudi. Mkuu wa chuo, Mordecai Johnson, alimtaka darasani, na wala hatuwezi kumwita mjinga: alikuwa na chuo cha kuendesha na madaktari wa kutoa.

Wengi wakifika hapa hukata shauri upesi. Wako wasemao kuwa Just aliwasaliti watu wake kwa kukimbilia mayai ya ng'ambo. Wako wasemao kuwa kumfunga mtu kama yule katika kufundisha mwaka wa kwanza ni sawa na kutwangia kinu cha dhahabu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimesahau mtu wa tatu.

Mtu huyo ni Roger Arliner Young. Jina la kwanza lisimdanganye msomaji, alikuwa mwanamke. Aliingia Howard mwaka 1916, akasomea baiolojia kwa Just, akapata shahada ya kwanza mwaka 1923 na papo hapo akawa mwalimu katika idara ileile. Mwaka 1924 makala yake juu ya kiumbe cha seli moja na jinsi kinavyotoa maji mwilini ilichapishwa katika jarida la Science, na mwaka 1926 akapata shahada ya pili Chicago. Alikuwa na mikono hodari hata Just mwenyewe akamchukua Woods Hole. Basi mwaka 1929, Just alipokwenda Ulaya, ni nani aliyekalia kiti cha mkuu wa idara na kufundisha madarasa yale? Young. Nyumbani alikuwa akimtunza mamake asiyejiweza. Mwanzoni mwa 1930 alifanya mtihani wa kumruhusu kuendelea na udaktari wa falsafa Chicago, akashindwa. Uhusiano wake na Just ukaharibika, na mwaka 1936 akaachishwa kazi Howard. Miongoni mwa mambo aliyoshtakiwa ni kukosa kuingia darasani.

Tuyaweke mambo haya sawasawa. Miezi ile ya Napoli na Berlin, iliyotia nuru katika elimu ya yai, ililipiwa kwa fedha ya Rosenwald na kwa nguvu za Young. Fedha ya Rosenwald iliandikwa katika ripoti ikashukuriwa. Nguvu za Young hazikuandikwa popote isipokuwa katika mtihani alioshindwa. Hapa ndipo penye kosa tunaloliona sisi, nalo si kwamba Just alikwenda. Elimu aliyoileta ni ya watu wote, na mtoto yeyote anayesoma leo jinsi yai linavyotungishwa anakula jasho lake. Ubaya ni kuhesabu uchunguzi kuwa mali ya mmoja, ilhali kufundisha kulikouwezesha kumehesabiwa kuwa wajibu tu wa mwingine, kama kufagia ua.

Hapana shaka mzizi wa dhuluma yote ulikuwa ubaguzi. Howard ingekuwa na walimu wanne wa zuolojia badala ya wachache waliochoka, au Chicago ingemwajiri Just, Young asingelemewa. Hayo ni kweli, wala hatuyapunguzi. Lakini mtu aliyeonewa huweza naye kumwegemea aliye chini yake bila kumtazama, na wanaomsifu huweza kusaidia kutomtazama.

Huku kwetu swali hili halikukosa watu wake. Thomas Odhiambo wa Kenya, mtaalamu wa wadudu, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1970 akaanzisha hapo Nairobi kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa wadudu. Alitaka kijana wa Kiafrika apate kuchungua mbung'o na viwavi wa kwao bila kulazimika kuomba nafasi Berlin. Mahali pa kuchungua pakiwa karibu na mahali pa kufundisha, anayebaki darasani na anayekwenda maabara waweza kupokezana. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia, ingawa twajua kuwa bajeti za vyuo vyetu hucheka zikisikia maneno hayo.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa lugha. Profesa asiyechungua hatimaye huwapa wanafunzi kiporo. Lakini profesa asiyefundisha hakutani na lile swali la kijana wa nyuma darasani: “Mwalimu, neno hilo maana yake nini?” Tumewaona wanafunzi wetu huku bara wakikariri kwamba seli ina utando, na ukiwauliza utando ni nini, wanyamaze, ilhali wameuona utando wa buibui tangu utotoni. Anayemfungulia mtoto neno hilo, akamwonyesha kwamba utando wa seli ni kitu chenye kazi na wala si ngozi ya mfuko, anafanya sehemu ya kazi ileile aliyoifanya Just kwa hadubini. Kwa hiyo hatukubali kwamba Young alikuwa nje ya elimu alipokuwa akifundisha.

Just alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya uso wa seli mwaka 1939. Mwaka uliofuata Wajerumani waliivamia Ufaransa alikokuwa akifanya kazi, akatiwa kambini kwa muda, akaachiliwa, akarudi Marekani akiwa mgonjwa. Alifariki Washington mwezi wa Oktoba 1941. Mwaka 1996 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye sura yake.

Young alipata shahada yake ya udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1940, mwanamke mweusi wa kwanza nchini mwake kuipata katika zuolojia. Aliendelea kufundisha katika vyuo vya watu weusi huko kusini, North Carolina kwanza, kisha Texas, Louisiana na Mississippi, akihama kutoka chuo hiki hadi kile. Alifariki New Orleans mwezi wa Novemba 1964, hana mali. Orodha ya madarasa aliyoyafundisha mwaka ule wa 1929, mkuu wa idara akiwa ng'ambo, ndiyo tungependa kuiona imechapwa pamoja na makala yapatayo sabini ya Just.